Kontena la Futi 20 Bila Tela: Lori Fupi Linapofaa na Linapoharibu

Mjadala wetu kuhusu makontena barabarani umemezwa na semi. Tukilalamikia foleni ya kuelekea bandarini, tunalaumu semi. Ajali inayoingia gazetini ni ya semi, na hata tukizungumzia uzito kwenye mizani ya Vigwaza au ya Mariakani, gari linalotujia akilini ni lile refu lenye kichwa na tela. Lakini lipo gari jingine linalofanya kazi kubwa bila kutajwa: lori la chasisi moja tangu bampa ya mbele hadi taa za nyuma, kontena likiwa limekaa juu yake moja kwa moja. Aghalabu ni la tairi kumi. Yapo ya tairi kumi na mbili, na kwa bahati mbaya yapo hata ya tairi sita yanayobebeshwa kontena ambalo hayakuundwa kulibeba.

Gari hili linastahili kuchambuliwa peke yake, maana faida na madhara yake ni tofauti na ya semi. Kwa kazi moja halina mpinzani. Kwa kazi nyingine linaua barabara, linapasua chasisi yake lenyewe, na linaweza kumwangukia mtu asiyehusika. Kinachotenganisha kazi hizo mbili ni uzito uliomo ndani ya kontena, na huo ndio ambao wenye malori wengi hawauulizi mpaka wafike mizani.

Tuanze na vipimo, kwa sababu ndivyo vinavyoamua mengi. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.058, upana wa mita 2.438 na kimo cha mita 2.591. La futi 40 lina mita 12.192, yaani mawili ya futi 20 pamoja na nafasi ya milimita 76 katikati yake. Sasa tazama sheria za urefu wa magari. Ulaya, lori lisilo na tela haliruhusiwi kuzidi mita 12. Afrika Kusini kikomo ni mita 12.5. Kontena la futi 40 peke yake limeshaipita mita 12 kabla hata hujaweka mahali pa dereva kukaa. Kwa hiyo biashara ya lori fupi ni biashara ya futi 20. Ukiona futi 40 imepakiwa juu ya lori lisilo na tela, kipande kirefu kikining'inia nyuma na ekseli ya mbele ikigusa lami kwa shida, jua kwamba hakuna hesabu inayoweza kulitetea jambo hilo.

Na si ajabu kwamba barabara ina sauti kubwa namna hii. Kontena lenyewe ni mtoto wa barabara. Malcom McLean, aliyepeleka meli Ideal X kutoka Newark hadi Houston ikiwa na makontena 58 tarehe 26 Aprili 1956, alikuwa mtu wa malori kabla ya kuwa mtu wa meli, na alichopakia siku ile kilikuwa mabodi ya matela yaliyotenganishwa na magurudumu yake. Baadaye kampuni yake ya Sea-Land ilitumia makontena ya futi 35, na Matson ya Marekani ikatumia ya futi 24. Viwango vya kimataifa vilipokuja kutulia, vikaegemea familia ambayo vipande vyake vinajumlika, 20 na 40, ili sehemu moja ya meli, ya behewa au ya tela iweze kupokea kimoja kikubwa au viwili vidogo.

Faida kuu ya semi inatokana na pini moja. Kichwa kinaachia tela, kinaondoka, kinakwenda kuchukua jingine. Mwenye kichwa kimoja na matela matatu anaweza kuwa na tela moja linapakiwa bandarini, la pili liko njiani, la tatu linashushwa kwa mteja, na injini yake haisimami. Lori fupi halina uhuru huo. Injini, dereva na kontena ni kitu kimoja. Mteja akichukua saa sita kushusha, lori limekaa saa sita. Wakala akicheleweshwa na karatasi, lori linalala getini. Ndiyo maana mtu anayelinganisha bei ya kununua tu, akaona lori la tairi kumi ni rahisi kuliko kichwa na tela, anaweza kujikuta anapata safari chache kwa wiki na kushindwa kuelewa fedha zimekwenda wapi. Zimekwenda kwenye kusubiri.

Basi kwa nini gari hili halifi? Kwa sababu ya miji yetu.

Chukua Kariakoo. Mzigo wa duka la jumla hauishii kwenye ghala lenye jukwaa la kushushia. Unaishia kwenye mtaa wenye magari yameegeshwa pande zote mbili, meza za wamachinga ukingoni na bajaji zinazotafuta upenyo. Semi ya mita 16 ikikunja kona pale, tela lake hukata ndani ya kona na kupanda ukingo wa barabara. Lori la tairi kumi hukunja kwa nafasi ndogo zaidi, na kulirudisha nyuma ni kazi ya dereva wa kawaida, wakati kurudisha semi nyuma katika mtaa mwembamba ni ufundi wa wachache. Utingo hushuka, husimama upande wa kioo cha kushoto, hugonga bodi kwa kiganja: njoo, njoo, simama. Milango ya kontena hufunguka nyuma, sakafu ikiwa kama mita moja na robo kutoka ardhini, na makuli hupanga mstari. Mmoja ndani anasogeza boksi hadi mlangoni, wa pili anaweka begani, wa tatu yuko dukani anapanga. Winchi haihitajiki wala forklifti. Kontena halishuki kabisa; linamwagwa mzigo likiwa juu ya lori, kisha linarudishwa tupu.

Kazi hiyo semi inaweza kuifanya kwa taabu, usiku, na kwa kuwaudhi watu. Lori fupi huifanya kwa utulivu. Hatari yake mahali kama pale iko juu: nyaya. Kontena la kimo kirefu lina mita 2.896, na chasisi ya lori fupi kwa kawaida iko juu kuliko ya tela jembamba la makontena. Jumlisha, unapita mita 4, kipimo ambacho Ulaya ndicho kikomo cha magari yao. Kwenye mtaa ambao nyaya za umeme na za intaneti zimevutwa kutoka ghorofa hadi ghorofa, sentimita 30 za ziada ndizo zinazoamua kama mtaa mzima utalala gizani.

Mpaka hapo lori fupi linashinda. Sasa twende kwenye kilo, na hapa naomba msomaji anivumilie na hesabu, maana ndiko kwenye moyo wa suala zima.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotungwa kwa nchi zote wanachama, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 18 kwenye jozi ya ekseli za nyuma zenye tairi nne kila moja. Lori la tairi kumi, kwa hiyo, haliruhusiwi kuzidi tani 26 pamoja na uzito wake lenyewe. Lori la namna hiyo likiwa tupu, na fremu ya kubebea kontena, huwa na takriban tani 9. Zinabaki 17. Kontena tupu la futi 20 nalo lina zaidi kidogo ya tani 2. Kinachobaki kwa mzigo wa mteja ni karibu tani 15 tu, ilhali kontena hilohilo linaruhusiwa na viwango vya kimataifa kufika kilo 30,480 kwa jumla.

Pengo hilo ndilo linalotuponza. Kontena limejengwa kubeba karibu maradufu ya kile lori fupi linachoruhusiwa kukibeba, na kwa nje haliko tofauti. Lililojaa magodoro na lililojaa vigae ni boksi lilelile la bati lenye rangi na namba ubavuni. Magodoro hujaza nafasi kabla ya uzito. Vigae hujaza uzito huku nusu ya nafasi ikiwa bado wazi. Chukua mfano wa kahawa, zao tunalolijua. Kontena la futi 20 hupakiwa magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Ongeza kontena lenyewe na lori, unazidi tani 30. Kahawa ya Moshi, kwa ujazo wa kawaida kabisa wa biashara ya kuuza nje, haiwezi kupanda lori la tairi kumi bila kuvunja sheria kwa zaidi ya tani 4. Hapo hakuna aliyekusudia kuiba. Ni ujazo wa kila siku tu, uliowekwa kwenye gari lisilo lake.

Waingereza wanaruhusu lori la ekseli tatu tani 26 na la ekseli nne tani 32. Hata kwa kiwango hicho cha pili, ukitoa uzito wa lori lenyewe, ambalo nalo limeongezeka ekseli, unabaki na kontena la tani 21 hivi, na kahawa yetu ingeingia kwa kubanana. Ekseli ya nne inasaidia, ila kontena zito linabaki kuwa mzigo wa semi popote duniani.

Gharama ya kupuuza hesabu hii hailipwi na mwenye lori peke yake. Jaribio kubwa la barabara lililofanywa na Wamarekani karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960, ndilo lililowapa wahandisi kanuni wanayoitumia hadi leo: uharibifu wa lami huongezeka takriban kwa nguvu ya nne ya uzito wa ekseli. Ekseli ikizidishwa kwa asilimia 20, uharibifu unakuwa mara mbili. Weka kontena la tani 25 juu ya lori la tairi kumi, acha tani 8 mbele, na ekseli za nyuma zitakuwa na tani 26 mahali pa 18. Uharibifu wake ni zaidi ya mara nne ya ule wa lori lililopakiwa kihalali. Na kwa kuwa lori fupi hufanya safari za mjini, mara nyingi halipiti mizani yoyote. Mizani tumeiweka kwenye barabara kuu, wakati tani hizo haramu zinasaga mitaa ya halmashauri, yenye lami nyembamba kuliko barabara kuu na fedha chache zaidi za kuikarabati. Hili linaniuma, kwa sababu mashimo hayo yanalipiwa na mwenye bodaboda na mama wa daladala ambao hawana kontena.

Inasemwa kwamba mwenye lori hana njia ya kujua kilichomo kwenye kontena lililofungwa kwa lakiri. Zamani hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Tangu tarehe 1 Julai 2016 imeisha. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulirekebishwa, na kuanzia siku hiyo hakuna kontena lenye mzigo linaloruhusiwa kupakiwa melini bila uzito wake wote kuthibitishwa, ama kwa kulipima likiwa limejaa, ama kwa kupima vilivyomo na kujumlisha na uzito wa kontena tupu. Sababu yake ilikuwa meli na wafanyakazi wa bandarini. Lakini matokeo yake kwetu ni kwamba kila kontena linaloshuka Dar es Salaam au Mombasa lilishapimwa lilikotoka. Namba ipo. Inajulikana na kampuni ya meli na iko kwenye nyaraka za bandari. Inakopotea ni kati ya wakala na dereva, ambaye hukabidhiwa namba ya kontena, jina la mteja na namba ya simu, basi.

Uzito ukishajulikana, linabaki suala la kulifunga kontena, na hapa mafundi wetu wana sehemu kubwa.

Kila pembe ya chini ya kontena ina kipande cha chuma kigumu chenye tundu refu. Kwenye chasisi hukaa kufuli nne. Kichwa cha kila kufuli huingia ndani ya tundu, mkono wake unazungushwa robo duara, na kichwa hukaa mkingamo, kontena likawa haliwezi kuinuka wala kuteleza. Mfumo huu uliasisiwa na Keith Tantlinger, mhandisi aliyefanya kazi na McLean, na ubora wake umo katika urahisi: dereva anaweza kuukagua kwa macho, akizunguka gari kwa dakika moja. Kufuli iliyozungushwa nusu inaonekana. Kufuli iliyoshika kutu mpaka utingo anaipiga nyundo inasikika. Vipimo vya kukalisha kufuli hizo ni vilevile dunia nzima, mita 5.853 kwa urefu na 2.259 kwa upana, kutoka kati hadi kati.

Tatizo la lori fupi ni kwamba mengi hayakuzaliwa na kufuli. Yaliingia nchini yakiwa na bodi ya kawaida, bodi ikang'olewa, na fundi akaambiwa aweke kufuli za kontena. Kontena ni boksi gumu lisilokunjika, wakati chasisi ya lori imeumbwa ijipinde kidogo tairi moja inapoingia shimoni. Kwenye semi, sehemu ya mpindo huo huishia pale kichwa kinapoungana na tela. Kwenye lori la chasisi moja wote unakwenda kwenye kufuli nne na vyuma vinavyozishika. Fundi mzuri hutengeneza fremu ya pili, huilaza juu ya chasisi, huifunga kwa bolti na vibamba, na mbele huacha mshiko wenye kulegea kidogo ili chasisi ipumue. Fundi wa haraka huchomelea kufuli moja kwa moja kwenye ukingo wa chasisi, jambo ambalo watengenezaji wa malori kwa kawaida hulikataza katika miongozo yao kwa mafundi wa bodi. Ufa huanzia kwenye mchomeleo huo. Huanza mdogo kama unywele, hufichwa na rangi na tope, mpaka siku ya mlima au ya breki ya ghafla.

Na wapo wasioweka kufuli kabisa. Kontena linalazwa juu ya bodi tambarare, linafungwa kwa mnyororo au kamba, safari inaanza. Chuma juu ya chuma huteleza, na mnyororo uliopita juu ya boksi la tani 15 hauwezi kulizuia kwenye mzunguko wa barabara. Mimi nasema lori la namna hiyo lizuiwe getini, bila kujali ni la nani na linakwenda umbali gani. Kilomita mbili zinatosha kabisa kuua.

Kuna jambo dogo ambalo madereva wazoefu wanalijua na wamiliki wengi hawalijui. Kontena linaposhushwa nusu kwa mteja wa kwanza, kinachobaki ni kile kilicho mbele, nyuma ya kabini, kwa sababu milango iko nyuma. Uzito unahamia kwenye ekseli ya usukani. Lori lililokuwa halali kwenye tairi zote linaweza kuzidi zile tani 8 za mbele baada ya kupunguziwa mzigo, na tairi za nyuma zikapoteza mshiko. Dawa yake ni kusogeza mzigo uliobaki kuelekea nyuma kabla ya kuondoka, kazi ya nusu saa kwa makuli walewale.

Kwa upande mwingine, lori fupi lina sifa moja ya usalama isiyosemwa. Kabini na mzigo vimeshikana, kwa hiyo gari linapoanza kulala kwenye kona dereva analisikia mwilini mwake mapema. Kwenye semi, tela linaweza kuinua tairi za upande mmoja huku dereva amekaa wima, hana habari.

Wenzetu wamelitatua suala la kusubiri kwa njia mbalimbali, na inafaa tuzitazame. Ujerumani wana malori ya chasisi moja yanayobeba mabodi ya kubadilishana, yenye urefu wa mita 7.45 au 7.82 na miguu minne inayokunjwa. Dereva anafika uani, anakunjua miguu, anashusha springi za upepo, lori linatoka chini ya bodi na kuliacha limesimama lenyewe. Kisha anaingia chini ya jingine. Uhuru wa semi umepatikana bila tela. Walichagua mabodi hayo badala ya kontena la bahari kwa sababu pia ya palati: kontena la kawaida la futi 20 huingiza palati za Ulaya 11, bodi la mita 7.45 huingiza 18. Wajapani nao, kwenye reli yao ya mizigo, hutumia kontena dogo la futi 12 linalobeba tani 5, ambalo lori la kawaida la mjini hulichukua stesheni na kulifikisha kwa mteja. Na yapo malori na matela yenye mikono miwili ya winchi ubavuni, inayolinyanyua kontena na kulilaza chini. Kampuni ya Hammar ya Sweden na Steelbro ya New Zealand zimejijengea jina kwa kazi hiyo. Gharama yake ni kubwa na mikono hiyo inakula tani za mzigo, hivyo kwa mwenye lori moja wa kwetu si jibu la leo.

Kwetu jibu lililozoeleka zaidi ni puli: lori la tairi kumi linalovuta tela lake, futi 20 moja mbele na nyingine nyuma. Kwa safari ya Kigali au Lubumbashi mpangilio huu una mantiki, kwani uzito unagawanywa kwenye ekseli nyingi, hadi kikomo cha tani 56 cha Afrika Mashariki. Na dereva akifika, anaweza kuacha tela nje ya mji, akaingia na kontena la mbele, kisha akarudi.

Reli itaongeza uzito wa suala hili. Kenya ilianza treni za mizigo za reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2018, na baada ya mivutano mingi agizo la kulazimisha makontena yapite relini liliondolewa mwaka 2022. Tanzania ilizindua bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, mwaka 2025. Kadiri treni zinavyochukua safari ndefu, ndivyo kazi ya barabara inavyokuwa ile ya mwisho, kutoka bandari kavu hadi mlangoni kwa mteja. Hiyo ni kazi ya lori fupi. Likibaki kama lilivyo sasa, tutakuwa tumeiokoa barabara kuu na kuizika mitaa.

Wenye mamlaka wanaweza kuanza na jambo lisilohitaji sheria mpya: uzito uliothibitishwa uandikwe kwenye karatasi ya kutolea kontena getini, na lori la tairi kumi lisiruhusiwe kupokea boksi linalozidi uwezo wake. Wewe mwenye lori huna haja ya kuwasubiri. Wakala akikupigia simu kukupa kazi, muulize uzito wa mzigo pamoja na boksi kabla hujataja bei. Akisema hajui, mwambie atafute, maana unajulikana. Ukizidi tani 17, liache lipande semi.